Kuuza Lincoln Continental ya 1964 iliyofufuliwa: shajara ya wiki tisa

Wiki ya 1: karatasi kwanza

Gari ni Lincoln Continental ya 1964, milango minne, paa la turubai linalokunjwa kwa umeme. Rangi nyeusi, viti vya ngozi nyekundu, injini V8 ya inchi za ujazo 430 (lita 7.0) yenye nguvu za farasi 320, giaboksi otomatiki ya gia tatu. Kazi ya kulifufua imekwisha. Kilichobaki ni kuliuza kabla chumvi ya kuyeyusha barafu ya majira ya baridi haijaanza kumwagwa kwenye barabara za Michigan.

Kishawishi ni kuanza na nta na kamera. Tumeanza na namba. Namba ya chasisi inafunguka na 4Y86N: 4 ni mwaka wa 1964, Y ni kiwanda cha Wixom, Michigan (kilifunguliwa 1957, kikafungwa 2007), 86 ni bodi ya paa la kukunjwa, na N ni injini ya 430. Zinafuata tarakimu sita za mfululizo. Sedani ingeandikwa 82. Kwenye bamba la data bodi imeandikwa 74A, nayo inakubaliana na 86. Namba hizo mbili zikigombana, usiendelee na tangazo mpaka ujue kwa nini. Mwaka huo zilitoka Continental 36,297, na zenye paa la kukunjwa zilikuwa 3,328 tu, kwa hiyo tofauti ya 82 na 86 ni tofauti ya fedha nyingi.

Hati ya umiliki imesomwa tarakimu kwa tarakimu mbele ya gari lenyewe, mmoja akisoma kwa sauti na mwingine akikagua chuma. Hati za zamani zilipigwa taipu, na 8 iliyogeuka B huonekana siku mnunuzi amefika na fedha. Yetu ni safi, jina la muuzaji ndilo lililo kwenye hati, na hakuna deni la benki lililobaki limeandikwa.

Mambo mawili yameondolewa kwenye rasimu ya tangazo mapema. La kwanza ni "injini ya asili, namba zinalingana". Kampuni ya Ford, mwenye chapa ya Lincoln, miaka hiyo haikuwa na desturi ya kupiga namba kamili ya gari kwenye injini ya Lincoln, kwa hiyo dai hilo halina kinachoweza kulithibitisha. Kinachoweza kusemwa ni namba ya kalibu, ile inayotokea chuma kikimiminwa kiwandani: herufi C ni miaka ya 1960, tarakimu inayofuata ni mwaka, V ni Lincoln, E ni injini. Piga picha ya chuma chenyewe na umwachie msomaji. La pili ni ahadi ya ripoti ya Marti, kampuni yenye kumbukumbu za uzalishaji za Ford, ambayo wanunuzi wa magari ya Ford huidai kama cheti cha kuzaliwa. Kumbukumbu hizo zinaanza na magari ya 1967. Kwa gari la 1964 bamba la data ndilo shahidi, basi.

Kipima maili kinasoma 38,412. Kina tarakimu tano, kwa hiyo huenda ni 138,412. Sheria ya shirikisho ya Marekani imelisamehe gari la umri huu lisitolewe tamko la maili, lakini msamaha huo si ruhusa ya kuandika "maili 38,000 halisi". Tumeandika: namba iliyo kwenye dashibodi ni hii, maili halisi hazijulikani.

Wiki ya 2: mitambo

Kompresheni imepimwa injini ikiwa ya moto, plagi zote nane nje, kabureta ikiwa imefunguliwa kikamilifu. Matokeo: 162 hadi 176 psi (pauni kwa inchi ya mraba). Kanuni ya Ford ni kwamba silinda ya chini kabisa isipungue asilimia 75 ya ile ya juu. Hapa ni asilimia 92. Picha ya geji kwenye kila silinda imehifadhiwa kwa mpangilio, kwa sababu karatasi iliyoandikwa namba nane kwa kalamu haimshawishi mtu.

Matone mekundu yameonekana sakafuni upande wa mbele. Kila anayeliona atasema giaboksi inavuja. Sivyo. Kwenye Lincoln hizi waipa haziendeshwi na mota ya umeme, zinaendeshwa na mafuta ya pawa stelingi: pampu moja inasukuma usukani na waipa. Mpira uliochoka kwenye bomba la waipa unamwaga mafuta yaleyale mekundu, na usipouona mapema usukani ndio utakaoanza kulia. Mabomba mawili yamebadilishwa, mfumo ukajazwa na kutolewa hewa kwa kuzungusha usukani mwisho hadi mwisho mara kadhaa, injini ikiunguruma polepole. Kisha karatasi nyeupe ikatandikwa chini usiku kucha. Asubuhi ilikuwa kavu.

Breki ni drami magurudumu yote manne. Hilo liandikwe, maana wengi wanadhani Lincoln hizi zote zina diski mbele. Diski zilikuja 1965. Limetiwa mabomba mapya ya mpira, silinda za magurudumu mpya. Linasimama bila kuvuta upande.

Matairi bado yana kina kizuri cha meno, ila tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT (Idara ya Uchukuzi ya Marekani) ubavuni mwa tairi zinasoma 2312: wiki ya 23 ya mwaka 2012. Meno hayasemi lolote kuhusu umri wa mpira. Yamewekwa mapya ya 235/75R15 yenye ukanda mweupe. Mabomba yote ya mpira ya petroli nayo yametolewa na kuwekwa yanayohimili ethanoli.

Wiki ya 3 na ya 4: paa

Hapa ndipo bei ya gari hili inapoamuliwa. Rangi nzuri zipo nyingi. Continental ambayo paa lake linazama ndani ya buti na kurudi mara kumi mfululizo bila mtu kuligusa ni nadra, na mnunuzi anayejua ataomba kuona jambo hilo kabla ya kuuliza habari ya injini.

Mpangilio wa kushusha paa ni huu. Makufuli ya skrubu ya kifuniko cha buti yanazunguka na kufunguka. Kifuniko kinainuka kwa haidroli, lakini kinyume cha magari mengine: bawaba ziko nyuma, mdomo unafunguka upande wa kiti. Makufuli ya paa juu ya kioo cha mbele yanajifungua kwa mota yake. Paa linakunjwa, linazama. Bati la nyuma ya kiti linajilaza kuziba pengo. Kifuniko kinashuka, skrubu zinakaza. Hakuna kompyuta yoyote. Kila hatua ikiisha inagusa swichi ya kikomo, swichi inaamsha rilei (swichi kubwa inayoendeshwa kwa umeme), rilei inaanzisha hatua inayofuata. Swichi moja ikinyamaza, mlolongo wote unasimama palepale ulipofika, mara nyingi kifuniko kikiwa kimesimama wima kama mlango wa ghala.

Jaribio la kwanza: mara 10, mara 3 ndizo zilizokamilika. Makosa yalikuwa mawili, na yote mawili yaliletwa na kazi ya rangi.

Kosa la kwanza: pampu inaenda kwa uzito na rilei zinatetemeka tititi. Usinunue pampu. Chukua multimita, washa injini, bonyeza swichi ya paa, upime wakati mzigo uko kazini. Kipimo cha gari lililopumzika hakina maana hapa. Betri ilisoma volti 13.4, kwenye pampu zilifika 10.9. Zimepotea 2.5. Ncha moja ya multimita ikawekwa kwenye bodi ya pampu, nyingine kwenye hasi ya betri: volti 1.9. Yaani sehemu kubwa ya umeme ulikuwa unapotea kwenye eathi (njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia bodi), si kwenye waya wa chanya uliochukua 0.6 tu. Mchora rangi alipaka vizuri mno, akapaka hata pale waya wa eathi unapokaza kwenye bodi, boliti ikarudishwa juu ya tabaka la rangi na lakiri. Inapitisha umeme kidogo kupitia nyuzi za boliti, kiasi cha kukudanganya.

Dawa: sehemu sita za eathi zimefunguliwa, rangi imekwanguliwa mpaka chuma king'ae duara la ukubwa wa sarafu, washa yenye meno ikawekwa, ikakazwa, kisha grisi nyembamba juu kuzuia kutu. Kipimo cha pili: upande wa eathi 0.2, pampu inapata 12.6. Sauti yake imebadilika kabisa.

Kosa la pili: kifuniko kinafunguka hadi mwisho, halafu kimya. Kwanza gogo la mbao limewekwa kukizuia. Kifuniko hiki ni kizito, na mtu asiingize kichwa chini yake kwa kutegemea haidroli. Kisha swichi ya kikomo cha "kifuniko wazi" ikabonyezwa kwa bisibisi ya plastiki. Hapohapo makufuli ya paa yakaanza kuzunguka. Swichi basi ni nzima na waya ni mzima. Kinachokosekana ni mkono wa kuigusa. Kibano chake kilipinda kifuniko kilipotolewa kwenda kupakwa rangi. Kimerudishwa milimita 3. Tahadhari: ukikisogeza kupita kiasi swichi itagusa mapema, paa litaanza kusogea kifuniko kikiwa hakijafika mwisho, na turubai jipya litachanwa na ukingo wa bati. Sogeza milimita moja, jaribu kwa mkono, ndipo usogeze nyingine.

Baadaye: mara 10 kati ya 10, kwa mapumziko kila baada ya mara tatu ili mota ya pampu isichemke. Injini iwe inaunguruma muda wote. Anayefanya onyesho kwa betri peke yake anajitafutia aibu.

Vioo vya nyuma navyo vimejaribiwa. Ukifungua mlango wa nyuma, kioo chake kinapaswa kushuka kidogo chenyewe, kwa sababu milango hii haina fremu ya juu na vioo viwili vinakutana mpira kwa mpira. Kisiposhuka, mlango unafunguka kwa kukwaruza mpira na siku moja utavunja kioo. Cha kulia kilikuwa kizito. Reli imesafishwa na kupakwa mafuta ya silikoni.

Wiki ya 5: bodi na orodha ya kasoro

Kipima unene wa rangi kimepitishwa kila sentimita 15. Sehemu nyingi ni mikroni 180 hadi 260, kawaida kwa gari lililopakwa upya kwa uangalifu. Sehemu ya chini ya ubavu wa kushoto, nyuma ya gurudumu la nyuma, ni 620. Hapo pana puti juu ya bati lililochomelewa. Picha za uchomeleaji zipo, zikionyesha kutu ilikatwa yote na si kufunikwa, kwa hiyo namba hiyo 620 inakwenda kwenye tangazo pamoja na picha zake. Mkaguzi wa mnunuzi atakuja na kifaa hichohicho. Akiikuta mwenyewe, ataanza kushuku hata mahali ambapo hapana kitu.

Chini ya gari: bodi na chasisi ni kitu kimoja, hakuna fremu ya pembeni ya kutegemea, kwa hiyo vizingiti vya milango, sakafu na sakafu ya buti ndiyo uti wa mgongo. Nafasi kati ya mlango wa mbele na wa nyuma zimepimwa gari likiwa juu ya magurudumu yake: 4.5 hadi 5 mm, juu hadi chini. Lipandishe kwa jeki iliyowekwa katikati ya kizingiti, nafasi hizo zinabadilika mbele ya macho yako, na ukifungua mlango katika hali hiyo huenda usifunge tena sawasawa. Stendi ziwekwe chini ya sehemu za sasipensheni.

Orodha ya kasoro imekuwa na vitu kumi na kimoja. Baadhi: saa ya dashibodi haitembei, kromu ya bampa ya nyuma ina vidoti viwili, redio inapokea AM kwa mkwaruzo, kiyoyozi kimegeuzwa kutumia gesi ya R134a badala ya R12. Saa ingetengenezwa kwa siku moja. Tumeiacha. Orodha fupi ya kasoro ndogo za kweli inafanya kazi kubwa kuliko kurasa za sifa.

Wiki ya 6: picha

Nyeusi ni rangi ngumu. Jua la mchana linaonyesha kila mkwaruzo wa kitambaa na halionyeshi umbo. Picha zimepigwa alfajiri na siku ya mawingu, mahali pasipo na nguzo wala miti karibu, maana ubavu wa Lincoln ni bapa kama kioo na unaakisi kila kilicho mbele yake, mpiga picha akiwemo.

Jumla ni picha 190. Arobaini ni za chini ya gari. Bila kupaka rangi nyeusi ya kupuliza kule chini usiku wa kuamkia picha! Wanunuzi huitafsiri kuwa ni kificho, na mara nyingi wako sahihi. Picha inayouza kuliko zote ni ya kifuniko kimesimama wima, paa likiwa nusu ya safari: inathibitisha mfumo unafanya kazi na inaonyesha rilei, mabomba na sakafu ya buti kwa wakati mmoja.

Video mbili, bila muziki. Ya kwanza ni kuwasha gari likiwa baridi: kipimajoto cha leza kinaelekezwa kwenye injini kwanza, kisha ufunguo, kisha moshi wa nyuma kwa dakika mbili bila kukata. Ya pili ni paa kushuka na kupanda, kamera moja kwenye stendi, bila kukata.

Wiki ya 7: wapi na kwa bei gani

Njia zilizopimwa ni tatu. Minada ya ukumbini kama Barrett-Jackson ya Scottsdale na Mecum ya Kissimmee hufanyika Januari; Barrett-Jackson huuza magari mengi bila bei ya chini (kiwango ambacho muuzaji hakubali kushuka chini yake), na gari linapata dakika chache jukwaani. Kwa gari ambalo hoja yake ni maelezo, dakika chache hazitoshi. Tangazo la kawaida, mfano Hemmings, halina haraka, lakini msimu unaisha. Mnada wa mtandaoni wa Bring a Trailer huchukua kwa kawaida siku saba, wasomaji wanauliza hadharani, na mnunuzi anaongeza ada ya asilimia 5 yenye ukomo wake. Gari likisimama kwa dola 60,000, yeye anatoa 63,000. Kumbuka kwamba yeye anahesabu 63,000 tangu mwanzo, si 60,000. Tumechagua hiyo.

Bei ya chini imewekwa kwa mizani ya Hagerty, kampuni ya bima na tathmini ya magari ya zamani, inayoyapanga magari kuanzia 1 (la maonyesho) hadi 4 (la kawaida lenye kasoro). Muuzaji karibu kila mara huliona lake ni 1. Hili, kwa matairi ya radiali, mabomba yasiyo ya kiwandani na puti ile, ni 2, tena si 2 ya juu. Bei ya chini imetoka kwenye mauzo yaliyokamilika ya magari ya 1964 na 1965 yenye daraja hilo. Haikutoka kwenye jumla ya risiti za gereji. Risiti zinathibitisha kazi. Hazimlazimu mtu kuzilipa.

Jina la Kennedy halimo kwenye tangazo. Limo ya Rais ilikuwa Continental ya 1961 iliyorefushwa na kampuni ya Hess & Eisenhardt, na kila muuzaji wa Lincoln ya milango inayofunguka kinyume huitaja kana kwamba ni binamu yake. Haiongezi hata dola moja.

Wiki ya 8: siku saba za mnada

Kila swali limejibiwa ndani ya saa chache, kwa picha au kipimo. Maswali yaliyorudi: eathi, swichi, umri wa matairi, je, vioo vya madirisha ya pembeni ni bapa au vimepinda. (Ni bapa. Vile vilivyopinda viliishia 1963, mwaka mmoja kabla umbali kati ya gurudumu la mbele na la nyuma haujaongezwa kutoka inchi 123 hadi 126. Mtu anayeuliza hilo anajua anachonunua, mjibu vizuri.) Mmoja alitaka kuona paa likishuka gari likiwa limewashwa dakika ishirini tayari, akishuku kwamba rilei zikipata joto zitagoma. Swali zuri. Video ikapigwa siku ileile.

Mkaguzi wa kulipwa alikuja siku ya nne, akapima ubavu wa kushoto, akapata 615. Akaandika "kama ilivyoelezwa".

Dakika za mwisho zina utaratibu wake: dau likiingia ndani ya dakika mbili za mwisho, saa inarudi dakika mbili. Bei ya chini ilipitwa kabla ya hapo.

Wiki ya 9: fedha, hati, lori

Malipo ni uhamisho wa benki kwa benki. Hundi ya benki ya kughushi huonekana nzuri kwa siku kadhaa, akaunti yako ikionyesha fedha zimo, kisha zinarudishwa. Namba ya akaunti imesomwa kwa simu, kwa namba ambayo mnunuzi alikuwa nayo tangu mwanzo; barua pepe yenye "akaunti mpya" ndiyo mtego wenyewe. Hati ya umiliki imesainiwa baada ya benki kuthibitisha fedha zimetulia, na jina la mnunuzi limejazwa papo hapo. Hati iliyosainiwa bila jina isitoke mkononi. Hati ya mauzo nakala mbili, ikitaja namba ya chasisi, bei, tarehe, na kwamba gari linauzwa lilivyo. Huku Michigan bamba za namba hubaki kwa muuzaji, na mnunuzi wa hapa angekuwa na siku 15 kuhamisha hati. Huyu ni wa jimbo jingine, atafuata sheria za kwake.

Usafiri ni trela lililofunikwa. Muulize dereva mambo mawili kabla ya kumkubali: urefu wa ndani, maana gari ni karibu mita 5.5, na uwezo wa lifti ya nyuma, maana lina zaidi ya kilo 2,400. Lifti nyepesi hubeba Corvette siku nzima na kushindwa hapa. Paa limefungwa juu, si limekunjwa: turubai likikaa limekunjwa siku nyingi hupata mikunjo na kioo cha nyuma hukwaruzika. Mikanda imefungwa kwenye magurudumu ili sasipensheni icheze yenyewe.

Ndani ya buti limewekwa sanduku: kitabu cha warsha, mchoro wa waya wa paa wenye vipimo vya volti vilivyoandikwa kwa penseli kando ya kila rilei, swichi mbili za kikomo za akiba, na gogo la mbao la kuzuia kifuniko. Hasi ya betri imefunguliwa. Picha za pande zote zimepigwa pamoja na dereva, fomu ya usafirishaji imesainiwa, na bamba za namba zimefunguliwa kwa bisibisi dakika ya mwisho.